Mzee Kamba, Mwana wa Wengineo

Mwaka umetimia, Baba, tangu asubuhi ile kamba yako ilipobaki imekazwa nyasini bila mtu wa kuikunja.

Ulitoka kabla ya chai, kama kawaida yako. Ulichomeka kigingi cha kwanza karibu na ua wa michongoma, ukaivuta kamba mpaka upande wa pili, ukachomeka na cha pili. Halafu ukakaa juu ya toroli. Mama alikuona kupitia dirisha la jikoni, akadhani unapumzika. Akaita, "Mzee Kamba! Chai inapoa huku!" Hukuitika. Akasema moyoni, huyu leo ananitania. Akafunika kikombe kwa kisahani, akaita tena. Mara ya tatu hakuita. Alitoka na mwiko mkononi, akakukuta umeinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza kitu ardhini.

Kamba tuliiacha pale mpaka tulipokwisha kukuzika. Hakuna aliyekuwa na moyo wa kuing'oa.

Mtaani walikuita Mzee Kamba kwa sababu ya kamba hiyo. Ulitunza makaburi ya askari waliokufa katika vita vile vikubwa vya wakoloni. Ulianza kazi ukiwa kijana asiye na ndevu, ukaifanya mpaka ndevu zikageuka nyeupe. Upande wa kulia wa geti wamelala maofisa wa kizungu, kila mmoja na jiwe lake, jina lake, cheo chake na umri wake. Upande wa kushoto, nyuma ya michongoma, hakuna mawe. Kuna nyasi tu. Huko walizikwa askari weusi na wachukuzi wao, waliokufa kwa risasi na kwa homa wakati kambi ilipokuwa hapa. Kwenye geti kuna jiwe moja la zamani lenye majina ya makamanda wa kambi, na mwisho wake limeandikwa: "na wengineo."

Maagizo ya kazi yalikuwa kwamba upande wa kulia ukatwe kwa mashine na kumwagiliwa, na upande wa kushoto ufyekwe wakija wageni. Wewe ulipitisha kamba ya kunyooshea mistari pande zote mbili. Msimamizi wako wa kwanza alikushangaa.

"Wewe, huku hakuna mistari. Unanyoosha nini?"

"Nanyoosha njia yangu, bwana. Sijui wamelalia upande gani, nisije nikapita juu ya uso wa mtu."

Alikuacha. Kila msimamizi aliyefuata alikuacha pia, maana kazi yao haikupungua wala haikuongezeka.

Ulikuwa mtu wa utani, Baba, ingawa waliokuona na kofia yako ya majani na midomo iliyofungwa hawakujua. Ukiulizwa huogopi kuishi na wafu, ulijibu, "Wapangaji wangu hawapigi redio, hawagombani na wake zao, hawaniombi chumvi. Nyie majirani zenu wakoje?" Nilipokua kidogo uliniongezea na siri: wapangaji wa kulia walikuja na mizigo yao yote, wa kushoto walishushwa bila hata begi, kwa hiyo tuwe wapole nao, bado wanatafuta pa kuweka vichwa.

Hukupenda chai ya moto. Hukupenda kuitwa mara mbili. Ulipenda ndizi mbivu zilizoanza kupata madoa, ukisema hizo ndizo zilizokwisha kuelewa maisha. Ulijaribu kupiga mluzi maisha yako yote na hukuweza. Ulitoa pumzi tu, fyuu, kama mpira wa maji uliotoboka. Sasa nikisikia mpira unavuja bustanini nageuka kuangalia.

Nyumba yetu ya vyumba viwili pale getini haikuwa yetu, ilikuwa ya kazi. Dirisha la jikoni linatazama makaburi, na dirisha la chumbani linatazama makaburi. Mama alipoomba afungiwe kamba ya nguo nje, jibu lilikuwa kwamba wageni hawapendezwi kuona nguo zimeanikwa. Basi nguo zetu zilikauka ndani, juu ya vichwa vyetu, na sisi watoto watatu tulikua tukinuka sabuni na unyevu. Wakija wageni tulikatazwa kukimbia na kucheka. Kaka alisema sisi ndio maiti pekee wanaopelekwa shule.

Ulipata nafasi ya kuondoka. Mjomba alikupatia kazi ya bustani kwenye hoteli, mji wa mbali, na nyumba yenye uwanja wa nyuma ambapo Mama angeanika mpaka mashuka. Mama alifunga masufuria kwenye gunia siku ileile. Wewe uliyafungua moja moja, ukayarudisha kwenye rafu.

"Nikiondoka, Mama Watoto, atakayekuja atafyeka wakija wageni tu."

"Na akifyeka wakija wageni tu, kuna ubaya gani? Wafu wametufunga, mume wangu, na wao hawana hata habari kwamba wametufunga."

"Mmoja anayo habari," ulisema.

Mmoja huyo alikuwa baba yako. Yuko huko kushoto. Wapi hasa, hukujua.

Habari zake nazijua kama ulivyonisimulia. Alikuja na jeshi kutoka mbali. Hapa hakuna aliyejua kwao, na rafiki zake walimwita Mluzi kwa sababu alipiga mluzi akienda na akirudi. Bibi, mama yako, alimpata kambini, alikokuwa akiuza uji. Kwa heshima hakumtaja jina, hata kwako, alimwita Mwenzangu. Wewe ulizaliwa akiwa tayari ameugua, na kabla hujaota meno akawa amezikwa nyuma ya michongoma.

Lilipowekwa jiwe la getini, Bibi alikubeba mgongoni akaenda kulitazama. Kusoma hakujua, na Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni. Alimwomba mpita njia amsomee. Mtu yule akasoma majina ya wakubwa, kisha akamalizia: "...na Wengineo."

"Huyo wa mwisho ni askari wa huku kwetu?" Bibi akauliza.

"Ndiyo, mama. Wa huku kwenu."

Sokoni watu husema "na wengine". Hilo lingine ni neno la vitabuni. Bibi hakuwahi kulisikia. Alijua kwamba askari wengi walijiandikisha jeshini kwa majina mapya, akasema, kumbe ndilo alilojiandikishia Mwenzangu. Akashukuru. Akaliwekea mkono lile neno, akakushika na wewe mkono wako mdogo akauweka juu yake. Na alipokupeleka shule, karani alipouliza jina la baba, Bibi alijibu bila kusita. Wengineo. Karani akaandika. Tangu hapo tunaitwa hivyo sisi sote.

Mwalimu ndiye aliyekufungua macho, darasa zima likicheka. Ulirudi nyumbani ukiwa na neno hilo kooni, ukamkuta Bibi anapepeta mchele akiwa na furaha zake, ukala. Hukumwambia siku ile wala siku nyingine. Alikufa akijua kwamba mumewe ameandikwa.

Nami niliyapata hayohayo. Mwalimu wa historia aliita majina, akafika kwangu, akacheka: "Wewe ni wewe, au ni wewe na wengineo?" Nilirudi nalia. Ulinipangusa kwa mkono wenye harufu ya nyasi.

"Mama," uliniambia, maana uliniita Mama kwa kuwa nimerithi jina la Bibi, "hata mimi nililia. Halafu nikaona: wenzangu wana jina la mtu mmoja mmoja. Mimi nikiitwa, wanageuka uwanja mzima."

Nilicheka kwa sababu ulitaka nicheke.

Halafu, ukiwa umekwisha kuzeeka, ofisi ya makaburi ilimtuma afisa. Alikuwa dada mwenye sauti ya upole na viatu visivyofaa kwa nyasi. Alisema haki haikutendeka. Alisema utajengwa ukuta upande wa kushoto, na kila askari mweusi aliyezikwa pale atachongewa jina lake. Familia zilete majina. Ulikwenda kuvaa koti lako la harusi, kwapa zake zikiwa zimekwisha kubana, ukarudi ukakaa mbele yake.

"Jina kamili la marehemu, Mzee?"

"Wengineo."

Alitabasamu, akidhani ni utani. Ukatoa kitambulisho chako. Akakisoma, akakusoma na wewe.

"Mzee, samahani. Hili si jina. Ni neno."

"Na mimi, binti yangu? Mimi ni neno?"

Alishika mdomo. Ukamwonea huruma, ukamsogezea maji. Akaeleza kwamba orodha za jeshi hazina mtu wa jina hilo, na kwamba lile la Mluzi ni la utani, la utani halichongwi. Wale ambao majina yao hayatapatikana hawatasahaulika. Mwisho wa ukuta patawekwa maneno ya kuwajumlisha.

"Maneno gani?" uliuliza, na nadhani ulikwisha kujua.

Akatazama karatasi yake. "Na wengineo."

Ulicheka mpaka ukakohoa. Sikupenda kicheko kile.

Kaka alikuja Jumapili akiwa na suluhisho, kama fundi bomba wa kweli ambaye kwake kila kinachovuja kina kizibo. "Tumtungie jina, Baba. Zuri, la heshima, la watu wa mbali huko. Nani atafufuka kukanusha?"

"Na yule wa kweli?" ulimuuliza. "Nikimweka mtu wa uongo mahali pake, yeye akae wapi?"

"Baba, ukuta ukifungwa umefungwa!"

"Najua."

"Basi unataka nini?"

"Nataka baba yangu. Lakini sina jina lake, na sitaki jina la mtu mwingine."

Dada yetu wa kati, mshonaji, alisema tuache ugomvi, kamba hukatikia pabovu. Mama akasema hapa pabovu ni pote. Ulimwomba afisa akupe muda, akakupa, na ukawa unapitisha kamba upande wa kushoto mara nyingi kuliko zamani, taratibu, ukisimama. Nilidhani ni uzee. Sasa naona ulikuwa unafikiri kwa miguu. Pale ndipo Mama alipokuita kwa chai.

Hatukuruhusiwa kukuzika karibu na baba yako. Mle wanazikwa waliokufa vitani tu, na wewe ulikufa kazini. Tulikupeleka makaburi ya mji, ng'ambo ya barabara kuu, tukakuwekea jiwe lenye jina lako lote mpaka la ukoo. Wewe ndiye wa kwanza katika ukoo huu kuwa na jiwe la peke yako, Baba. Watu wanaopita husimama. Bibi mmoja aliyekuja kumpalilia mwanawe alituuliza kwa huruma, "Poleni, wanangu. Humo mmezika wangapi?"

Mama alijibu, "Mmoja tu, dada. Alikuwa anatosha wengi."

Dada afisa alikuja kutupa pole. Alilikuta jiwe lako, akasimama mbele yake muda mrefu akiwa na viatu vyake vilevile. Kisha akasema, "Kama limechongwa hapa ni jina. Nitaliandika na kule." Akaliandika kweli, nikaona kwa macho yangu: Wengineo, askari. Majina yalipangwa kwa alfabeti, na hapakuwa na la Y wala Z, kwa hiyo Babu alikuwa wa mwisho kabisa. Chini yake yakafuata yale maneno ya kuwajumlisha wasiojulikana.

Nilikaa na furaha hiyo kama mtu aliyebeba yai. Nilikuwa nimekwisha kuchukua kazi yako, maana bila mtu wa kazi Mama angetakiwa kuiacha nyumba, na Mama, aliyetamani kuondoka miaka yote, alisema sasa hawezi: dirisha la jikoni ndilo linaloonyesha ile toroli. Basi nikakata nyasi, nikangoja ukuta.

Ukuta umekwisha. Ni mzuri, siwezi kusema uongo. Nilikwenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho. Juu yake kuna jina la askari mwingine. Halafu kwa herufi kubwa, kama zilivyo zote: NA WENGINEO. Nilitafuta juu, nikatafuta pembeni, nikarudi chini. Limo mara moja tu.

Fundi wa mawe alikuwa anafunga vifaa vyake.

"Ah, hapo, dada? Ofisini walisinzia. Waliandika WENGINEO, chini yake tena NA WENGINEO. Nikasema hawa wamerudia, nikaunganisha. Huwa nawasahihisha sana hawa."

"Lile la kwanza ni jina la babu yangu."

Alinitazama kuona kama ninacheka. Akaiweka tindo chini.

"Jina?"

"Jina."

Alikaa kwenye mfuko wa saruji. Alitaka kunipigia mstari mwingine, akapima kwa kidole, akaona mwenyewe kwamba maandishi yamekwisha kugusa ukingo wa jiwe. Alisema pole mpaka nikamwonea huruma, kama wewe ulivyomwonea huruma yule dada.

Afisa naye alikuja. Alipitisha kidole juu ya herufi mara kadhaa. Kubadilisha kunahitaji kikao kipya na jiwe jipya, na kikao kinahitaji kosa. "Nitaandika nini?" aliniuliza, karibu alie. "Siwezi kuandika kwamba halimo. Limo."

Kaka alipopata habari kwenye simu alisema, "Si niliwaambia? Tungemtungia angekuwa kule juu saa hizi, kwenye herufi A." Nilisikia anapenga kamasi.

Mama ndiye aliyevaa viatu akasema nimpeleke. Kwa miaka yote aliyokaa hapa alikuwa amevuka ua wa michongoma mara moja tu, asubuhi ile alipokufuata na mwiko. Macho yake hayaoni vizuri tena, akaniambia nimsomee mstari wa mwisho. Nikasoma: "Na Wengineo."

"Basi alichosomewa mama mkwe wangu ndicho hichohicho," akasema. Akaniuliza ni lipi hasa, nikamwongoza mkono. Akaushikilia pale, kwenye neno, si kwenye "na".

Sijui ungesema nini, Baba. Pengine ungefanya utani. Mimi nimejaribu na sijapata. Naona kwamba hukudanganya, na Babu yuko ukutani, na hakuna atakayejua isipokuwa sisi. Wageni wanaposoma pale hupunguza sauti, wakidhani wamefika kwa watu wasio na jina. Nasimama na toroli yako na sisemi kitu, kwa sababu nikieleza wanacheka kwanza, ndipo wanaona haya, na sitaki kumchekesha mtu kwa Babu kila siku.

Nilipoleta tangazo hili gazetini, dada wa dawati la matangazo alikuwa mwema sana. Alisoma orodha ya wanaokukumbuka, akasema ni ndefu, kwa kawaida wanaweka wachache halafu wanamalizia na maneno yale mawili. Nilimwomba asiyaweke. Na nilimwomba, akiona neno linalofanana nayo, asilifute. Akauliza kwa nini. Nikamwonyesha kitambulisho changu.

Wanaokukumbuka ni mkeo, ambaye bado anafunika kikombe kwa kisahani. Mwanao wa kwanza, fundi bomba, na mkewe, na pacha wao ambao mmoja ameanza kupiga mluzi na hatujui amejifunza wapi. Binti yako wa kati, mshonaji, na mumewe dereva, na mabinti zao watatu. Mimi, kifunga mimba wako uliyeniita Mama. Mjomba wetu wa hotelini, ambaye amekusamehe. Jirani yako muuza mkaa, aliyesema bila yeye tangazo halijakamilika. Dada afisa wa makaburi, aliyeomba mwenyewe awemo. Na fundi wa mawe, aliyeomba pia, akainamisha kichwa. Hao ndio wote. Hakuna aliyejumlishwa.

Sisi ni ukoo wa Wengineo. Daima tutakukumbuka, Baba, kila tutakapoulizwa majina yetu.

Kesho kuna wageni upande wa kulia. Kamba nitaanza kuipitisha kushoto.